Mtoto Karudishwa Nyumbani Saa Tano

Msomaji wa Garissa au Longido akisikia kwamba watoto wa Wasafiri wa Ireland huacha shule mapema, huenda atafikiria kuhama kwanza: familia imeondoka, shule imebaki nyuma. Kenya iliunda baraza la taifa la elimu ya wahamaji kwa sababu hiyo. Lakini Wasafiri hawa, ambao wenyewe hujiita Mincéirí, wengi wao hawahami tena. Kwa karne nyingi walizunguka vijijini wakifua bati, wakiuza farasi na kufanya vibarua vya msimu. Leo wengi wanaishi katika nyumba za kawaida au katika viwanja vya karavani vya halmashauri, na tangu sheria ya mwaka 2002 kuegesha karavani kwenye ardhi ya mwingine bila ruhusa ni kosa la jinai. Shule wanaiona kutoka mlangoni. Bado, sensa ya 2016 ilikuta kwamba katika wanawake Wasafiri 100, wapatao 13 tu ndio waliofika ngazi ya juu ya sekondari au zaidi, wakati kwa wananchi kwa jumla walikuwa 69.

Kila anapotajwa mtoto wa Kisafiri aliyekwama shuleni, husemwa kwamba wazazi wake wasaidiwe. Hilo halina mpinzani. Ugomvi huanza ukiuliza: wasaidiwe kufanya nini? Hoja zimegongana huko kwa miaka mingi, nami nimeziweka hapa katika vinywa vya watu sita niliowabuni. Hakuna aliye mtu fulani, ila sheria, miaka na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Mtoto mwenyewe ana miaka 13, yuko mwaka wa kwanza wa sekondari katika mji mdogo. Mwalimu Mkuu ndiye aliyeita kikao, basi aanze yeye.

Mkuu: Mama huyu namheshimu, na ninayosema nayasema mbele yake. Tangu Septemba nimemwandikia barua tatu. Hajajibu hata moja. Jioni ya wazazi hakuja. Nikipiga simu haipokelewi. Shule haiwezi kumlea mtoto peke yake. Kwa hiyo nikisikia habari ya kuwasaidia wazazi naelewa hivi: waelezwe umuhimu wa mahudhurio, wazoee kukagua kazi za nyumbani, wajue kuja shuleni kabla mambo hayajaharibika.

Mama: Barua zako ninazo zote, Mwalimu Mkuu. Ziko kwenye droo. Mimi kusoma najikongoja, na baba yake hajui kabisa. Ile ya kwanza nilimpa mwanangu mwenyewe anisomee. Sasa mtoto wa miaka 13 atamsomea mama yake barua inayomshtaki yeye? Alinisomea kwamba wanafunzi wote wanaombwa wavae viatu vyeusi. Nikaenda kumnunulia viatu vyeusi.

Mkuu: Hilo sikulijua.

Mama: Hakuna aliyeniuliza. Na simu sipokei kwa sababu namba ya shule ikitokea najua kuna ubaya. Miaka minane ya shule ya msingi sikuwahi kupigiwa nikaambiwa kwamba leo kafanya vizuri.

Mwalimu: Mimi nimestaafu, ila kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuingia katika nyumba hizi. Mzazi asiyejua kusoma hakwambii kwamba hajui. Atasema miwani ameisahau. Atasema ataisoma jioni akitulia. Ukimtumia barua nyingine unampa jambo jingine la kuficha. Mkuu, barua tatu ulizoandika zilikuwa sawa na ukimya, na pande zote mbili mmekaa mkidhani mwenzenu anawadharau.

Mwalimu huyu anawakilisha kazi iliyokuwepo kweli. Tangu miaka ya 1980 Ireland ilikuwa na walimu wa kutembelea familia za Wasafiri, na mwishoni walikuwa wapatao 40 nchi nzima. Walimwandikisha mtoto shule, wakapita nyumbani, wakaongea na walimu wa darasa, wakamsindikiza mzazi kwenye vikao. Bajeti ya kubana matumizi iliifuta huduma hiyo mwaka 2011, pamoja na walimu wa ziada na shule za awali za Wasafiri. Ripoti iliyotolewa na shirika la Pavee Point mwaka 2013 ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2013 fedha za elimu ya Wasafiri zilipunguzwa kwa asilimia 86.6. Hakuna fungu la umma ninalolijua lililokatwa hivyo katika nchi ile bila kelele kubwa. Wenye watoto walioguswa hawakuwa na wa kuwapigia kelele.

Bibi: Kabla hamjafika kwenye bajeti, nisikilizeni mimi. Mwalimu Mkuu anashangaa kwa nini binti yangu haji shuleni. Mimi nilianza shule miaka ya sabini. Tulikuwa na darasa letu sisi Wasafiri, nyuma ya jengo, wakubwa kwa wadogo pamoja. Asubuhi, kabla hujashika penseli, unapelekwa kuoga. Mama yangu alikuwa ameshatuogesha usiku kwa maji aliyoyachemsha kwenye moto wa nje, akatusuka nywele mpaka vidole vikamuuma. Shuleni zinafumuliwa. Tukitoka uani nywele zimelowa, watoto wote wanatazama, wanajua sisi ni nani. Ile sabuni nyekundu harufu yake haijanitoka mpaka leo. Nikikaa kwenye kiti cha ofisi ya shule nainusa.

Mkuu: Bibi, hayo yalikuwa mabaya, na nasikitika. Lakini shule yangu haijawahi kumwogesha mtoto yeyote.

Bibi: Sijasema wewe. Nakwambia nani anayeingia ofisini kwako binti yangu anapoingia. Mimi ndiye niliyemtoa shule akiwa na miaka 14. Alikuwa anapenda kusoma, huyu. Nilimtoa kwa sababu alianza kurudi analia, nikaona bora awe nami.

Ushuhuda wa aina hii umetolewa na Wasafiri wengi wa rika la Bibi, na haukuzuka tu kwa ukatili wa mwalimu mmoja mmoja. Mwaka 1963 tume ya serikali iliyochunguza maisha ya kuhamahama ilitoa ripoti yake. Haikuwa na Msafiri hata mmoja ndani yake, na lengo lake lilikuwa kuwayeyusha Wasafiri katika jamii ya walio wengi. Shule ilikuwa chombo kimojawapo. Kutambuliwa rasmi kuwa kabila la nchi yao wenyewe kulikuja tarehe 1 Machi 2017, wakati Bibi wa mjadala wetu ana wajukuu. Mwenye kutaka kumsaidia mzazi na aanzie hapo, ajue kwamba mtu anaweza kuitaka elimu kwa moyo wote na bado mikono ikamtetemeka akiona geti la shule.

Baba: Mimi niseme lisilopendeza. Mke wangu anataka mtoto amalize. Mimi sina hakika. Mwanangu anamfungua farasi mdomo na kukwambia umri wake. Kukarabati injini anajua. Binamu yake alimaliza, ana ile Leaving Certificate yenu ya kumaliza sekondari, akaandika kwenye fomu za kazi anwani ya uwanja wetu. Hajaitwa. Yuko nami kwenye lori la vyuma chakavu. Sasa mnaniambia nimlazimishe huyu mwingine akae mahali anapotukanwa mpaka afike miaka 16, halafu iwe nini?

Kijana: Baba, sitakudanganya. Mwaka 2016 sensa ilikuta asilimia 80 ya Wasafiri wenye uwezo wa kufanya kazi hawana ajira. Cheti hakifungui mlango uliopigwa kufuli kwa sababu ya jina lako la ukoo. Mimi niliacha nikiwa na 15, nikarudi nikiwa na 20, sasa nafanya kazi na vijana wetu, najua pande zote mbili. Ila hebu tuongee habari ya lori lako. Chuma chakavu kinataka kibali cha kubeba taka. Kibali ni fomu. Nani anakujazia?

Baba: Wewe.

Kijana: Mimi. Na nikikosea, faini unalipa wewe.

Baba alinyamaza, lakini sidhani hoja yake imejibiwa. Haijajibiwa mpaka waajiri wabadilike, na hilo haliko mikononi mwa mzazi wala mwalimu. Hata hivyo ipo tofauti kubwa kati ya kijana anayeiacha shule baada ya kupima na yule anayesukumwa nje kidogo kidogo. Mtoto wetu anasukumwa. Hapa nataka tukae zaidi.

Mama: Nilisaini karatasi ya kumfupishia siku ya shule. Niliambiwa ni kwa faida yake, apoe, wiki mbili tatu tu. Sasa ni mwezi wa tatu. Anaingia saa tatu kasoro dakika kumi, saa tano nampokea getini. Nilikuwa nafanya usafi hotelini asubuhi, kazi nimeiacha. Anashinda kwenye karavani na simu. Wadogo zake wanamuuliza mbona yeye hutoka mapema, anawaambia ni kwa sababu yeye mkubwa.

Mkuu: Nina wanafunzi 600. Mwanasaikolojia wa serikali tunampata kwa foleni. Mtoto alirusha kiti darasani penye wenzake 27, na hao wenzake wana wazazi, na wazazi hao hupokea simu na kupiga pia. Siku fupi ilinipa nafasi ya kupumua. Nadhani ilimpa na yeye. Sikuwa na nia ya kumdhulumu.

Kijana: Nia yako naiamini, Mkuu. Lakini Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo Septemba 2021, ukaanza kutumika Januari 2022, na ulitolewa kwa sababu watoto wetu walikuwa wakirudishwa hivi miezi na miezi bila mtu yeyote kujua. Unasema mzazi akubali kwa maandishi, naye awe anaelewa anachokikubali. Unasema siku fupi isiwe adhabu wala njia ya kudhibiti tabia. Iwe na mwisho, wiki sita zisizidi, na pawe na mpango wa kumrudisha mtoto kwenye siku nzima. Na shule iwaarifu Tusla, wakala wa watoto na familia. Naomba niulize: Tusla wamearifiwa?

Mkuu: Fomu ilitumwa.

Kijana: Na mpango wa kumrudisha?

Mkuu: Tulisema tutaangalia hali.

Mama: Hali ya nani?

Naona Mama ameuliza swali la kikao kizima. Sheria ya ustawi wa elimu ya mwaka 2000 inaitaka shule itoe taarifa mtoto akikosa siku 20 katika mwaka, na mzazi asiyempeleka mtoto shule anaweza kufikishwa mahakamani, apigwe faini au afungwe. Kosa la mzazi lina jina na lina adhabu. Mtoto akikaa nyumbani kwa uamuzi wa shule, kosa hilo hilo huitwa mpango. Saa zilizopotea ni zile zile. Tena mtoto wa mwaka wa kwanza wa sekondari aliyekosa hesabu na sayansi za mchana kwa miezi mitatu hawezi kurudi darasani akaelewa. Atarudi, ataona haya, atafanya fujo, na fujo hiyo itatumika kuthibitisha kwamba hakuwa tayari. Simlaumu Mkuu kwa kukosa mwanasaikolojia. Namlaumu kwa kuuacha mzigo wa upungufu huo kwa mtoto mmoja na kwa mama aliyeacha kazi.

Mkuu: Basi tuzungumzie na kile kiti. Kilirushwa, na mimi nilikiona.

Mama: Kabla ya kiti aliitwa nini?

Mkuu: Sikusikia.

Mama: Yeye alisikia. Wiki nzima alikuwa anasikia.

Tusi lenyewe sitaliandika. Kila Msafiri wa Ireland amelisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wazazi wasio Wasafiri hulitumia mezani, watoto wao hulibeba mkobani. Shuleni linasemwa kwa sauti ndogo, na ngumi hutupwa mbele ya macho ya watu. Anayeandikwa kwenye kitabu cha makosa ni mwenye ngumi. Hapo ndipo takwimu za adhabu zinapoanzia.

Baba: Mimi nilimfundisha asikubali kukanyagwa. Hilo sitalifuta.

Bibi: Na mimi nilimfundisha mama yake ainamishe kichwa asijibu. Halikumsaidia.

Mama: Shangazi yake ananishauri nimwambie mtoto asiseme kwamba yeye ni Msafiri.

Kijana: Nilifanya hivyo miaka miwili, Mama. Nilibadilisha lafudhi. Sikumleta rafiki nyumbani hata mmoja. Nikimwona mama yangu mjini nilivuka barabara. Usimwambie afanye hivyo, nakuomba. Utafiti mkubwa wa afya yetu wa mwaka 2010 ulikuta wanaume wetu wanajiua zaidi ya mara sita kuliko wanaume wengine wa nchi hii. Sisemi sababu ni moja. Ila mtoto anayejificha kila siku kuanzia asubuhi mpaka saa tisa anachoka namna ambayo usingizi hauiponyi.

Mama: Basi nimwambie nini? Asipige, asijifiche, asinyamaze. Amebaki na nini?

Mwalimu: Abaki na wewe, na wewe ubaki na kumbukumbu. Mwambie hivi: ukitukanwa, mwambie mwalimu siku ile ile, hata kama unajua hatafanya lolote. Jioni uniambie mimi. Na wewe Mama, kuandika ni kazi, basi chukua simu yako ujirekodi sauti: leo Jumanne, kipindi cha pili, fulani kasema hivi, mwanangu kamwambia mwalimu fulani. Nusu dakika. Simu inaweka tarehe yenyewe. Baada ya wiki tatu una rekodi ambayo hakuna kikao kitakachokwambia unatia chumvi. Na ukija kudai hatua dhidi ya uonevu, ambazo kila shule inatakiwa kuwa na utaratibu wake, hudai kwa hasira, unadai kwa tarehe.

Mkuu: Nitasema kwa uwazi: nikiletewa tarehe naweza kufanya kitu. Nikiletewa kwamba "kila mtu anambagua" mikono yangu imefungwa.

Kijana: Haijafungwa, Mkuu. Lakini tarehe utaletewa.

Swali la wasichana lilipita haraka kuliko nilivyotaka. Mkuu alisema baadhi ya familia huwatoa mabinti mara tu habari ya ndoa inapoanza kutajwa, na Kijana alikiri kwamba zipo. Mama akasema bintiye mkubwa aliacha akiwa na miaka 15, na hapakuwa na mchumba wala posa: miaka mitatu alikula chakula cha mchana chooni kwa sababu hakuna aliyekaa naye. Ndoa ni jibu rahisi la walio nje. Ipo, na huwafunika wengi ambao hadithi yao ni nyingine.

Kisha wakafika kwenye sheria, na hapa Mwalimu na Kijana, ambao nilidhani wako upande mmoja, waligongana.

Kijana: Wazazi wetu wajue haki zao, waambiwe wazi. Mtoto akisimamishwa masomo kwa jumla ya siku 20 katika mwaka, kuna rufaa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya 1998. Akitaka kufukuzwa kabisa, shule lazima imwarifu ofisa wa ustawi wa elimu, na mtoto hawezi kuondolewa kabla ya siku 20 za shule kupita tangu taarifa hiyo. Siku hizo 20 ni dhahabu. Ndizo za kuitisha kikao, kuleta daktari, kutafuta msaada. Wazazi wengi hawazijui, mtoto anakaa nyumbani siku ile ile wakidhani yamekwisha.

Mwalimu: Nakubali wazijue. Ila msiwaambie kwamba sheria itawabeba. Mnaikumbuka kesi ya Clonmel? Mama Msafiri aliomba nafasi ya sekondari kwa mwanawe. Shule iliwapa kipaumbele watoto ambao baba zao walisoma pale. Baba wa mtoto yule alikuwa Msafiri wa kizazi ambacho karibu hakikuingia sekondari. Angesoma pale lini? Baraza la Usawa likampa mama haki mwaka 2010. Rufaa ikambatilishia ushindi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikalitupa shauri lake bila kuingia ndani ya ubaguzi wenyewe, kwa kusema haina mamlaka ya kulisikiliza. Miaka ile yote mtoto alikuwa anakua.

Kijana: Na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya uandikishaji, shule zisiweze kutoa zaidi ya robo ya nafasi zao kwa watoto na wajukuu wa waliosoma pale. Mama yule alishindwa, na aliwafungulia wengine njia.

Mwalimu: Aliwafungulia wengine. Mimi nauliza mama huyu hapa atafungua mlango wa nani Jumatatu. Rufaa ni silaha ya mwisho. Kabla yake kuna meza.

Niseme ninavyoona. Wote wawili wako sawa, ila si kwa wakati mmoja: Kijana anazungumzia siku mambo yanapovunjika, Mwalimu anazungumzia majuma mengi kabla yake, na majuma hayo ndiyo yaliyoachwa bila mtu tangu 2011. Nikamwomba Mwalimu aeleze alichokuwa akikifanya hasa, kwa sababu neno "kusaidia wazazi" limepakwa juu ya semina na vipeperushi vingi mno.

Mwalimu: Nilikuwa nakwenda siku mbili kabla ya kikao. Chai kwanza, ukikataa chai umekataa watu. Naisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, hata "Wako mtiifu". Halafu nauliza: wewe mwenyewe unataka nini kitoke huko? Wengi hawajawahi kuulizwa. Mama mmoja aliniambia, "Nataka wamwite kwa jina lake." Tunachagua mambo matatu, siyo kumi. Tunayafanyia mazoezi. Mimi nakuwa mkuu wa shule, nakaa hivi, nakunja mikono, nasema maneno yale yanayochoma: "Tumejitahidi sana na mtoto wako." Anawaka. Nasema sawa, hapo ndipo utakapowaka, basi hapo utasema, "Naomba dakika mbili nipate hewa," na tutatoka wote wawili. Tukifika shuleni nakaa upande wake wa meza. Hilo ndilo kubwa. Ukikaa upande wa pili, hata uwe malaika, umeshakuwa mwenzao.

Mama: Ningekuwa na mtu wa hivyo nisingesaini ile karatasi.

Mkuu: Na mimi ningependa awepo, kusema kweli. Zipo shule zenye mratibu wa uhusiano kati ya nyumba na shule, zile zilizo kwenye mpango wa serikali wa shule zenye wanafunzi wenye dhiki. Yangu haimo. Sina fungu la kumlipa mtu.

Kijana: Na hata mratibu akiwepo, sisi tunataka awe wetu. Mwaka 2019 ulianza mradi wa majaribio katika maeneo manne, wenye wafanyakazi wa elimu kutoka jamii zenyewe, yetu na ya Waroma, wachache wenzetu. Mkakati wa elimu ya Wasafiri na Waroma wa 2024 hadi 2030 umeshatoka. Watu wetu wapo. Wanafanya kazi hii sasa hivi jioni, bila malipo, kwenye simu zao, kama mimi na mama huyu.

Nataka nisimamie hoja hii kwa nguvu zangu zote. Msaada ambao mzazi wa Kisafiri anauhitaji zaidi ni mtu: anayejulikana uwanjani, anayelipwa mshahara, anayeruhusiwa kuingia ofisi ya mwalimu mkuu bila miadi, asiye mwajiriwa wa kupeleleza nani kakosa shule. Kozi za malezi zinaweza kungoja. Mama huyu ameacha kazi ili amngoje mtoto getini, amenunua viatu vyeusi kwa barua iliyosomwa uongo, na bado amekuja kikaoni. Hana upungufu wa malezi. Nchi ile iliwahi kuwa na watu wa aina hiyo wapatao 40, ikawaondoa, kisha ikatumia miaka kumi na zaidi kuandika mikakati ya kuziba pengo lao. Mkakati wa 2030 upimwe kwa hesabu ya mishahara iliyomo ndani yake.

Lakini Jumatatu inakuja kabla ya 2030, na kikao kilikuwa hakijaamua lolote juu ya mtoto.

Mkuu: Pendekezo langu: tumwongezee kipindi kimoja kwa wiki, tuone.

Baba: Tuone, tuone. Mpaka awe na ndevu.

Mama: Sikubali "tuone". Wiki sita zilishapita zamani. Arudi siku nzima.

Mkuu: Nikimrudisha siku nzima Jumatatu, bila mtu wa kukaa naye, Jumatano tutakuwa hapa tena na kiti kingine. Hilo nalijua na wewe unalijua, Mama.

Kijana: Mama, hapo ana hoja. Chukua hatua kwa hatua, ila kila hatua na tarehe yake, kwenye karatasi, na mimi nitakusomea kabla hujasaini. Wiki ya kwanza mpaka chakula cha mchana. Wiki ya pili vipindi viwili baada ya chakula. Wiki ya tatu siku nzima.

Bibi: Na yule aliyemtukana?

Mkuu: Nitaonana naye na wazazi wake kabla ya Jumatatu.

Bibi: Wazazi wake wataitwa kwa barua au kwa simu?

Mkuu: Nitakwenda mwenyewe, Bibi.

Mama: Na akihisi anataka kuwaka darasani, atoke aende wapi? Pasipokuwa nyumbani.

Mkuu: Maktaba. Mkutubi yupo mpaka saa nane.

Mama: Baada ya saa nane?

Mkuu: Sijui bado. Ngoja nimwite mwalimu wa hesabu, kwanza akae nasi hapa. Kipindi kinachoanza saa tano ni chake, na mtoto hajamwona tangu Oktoba.